Desemba Mlimani: Mwongozo kwa Familia Inayokwenda Kuhesabiwa

Krismasi ya Kibosho, kwenye Mlima Kilimanjaro, haianzi tarehe 25. Huanza siku nyingi kabla, pale mama mwenye mji anapoangusha mikungu ya ndizi, anaifunika kwa majani makavu ili iive, na kuanza kuhesabu siku. Ndizi zikishaiva zitachemshwa kutwa nzima kwenye pipa, ziachwe zichachuke siku kadhaa, zichujwe, ndipo uingie uji wa kimea cha ulezi na yale magome ya msesewe yanayoipa mbege, pombe ya ndizi, uchungu wake. Muda wote huo mwanawe aliyeko Sinza au Mbagala, Dar es Salaam, bado anabishana na mkewe kama waondoke tarehe 20 au 23.

Hapo ndipo safari nyingi za Desemba zinapoharibikia. Wanaotoka mjini huipanga kama likizo yao, wakati kule juu ni kazi ya watu wanaoishi mlimani mwaka mzima. Familia inafika na watoto wanne, mabegi sita na simu zisizo na chaji, halafu baada ya siku tatu inashangaa kwa nini shangazi hacheki. Mjini safari hii ina utani wake: Mchagga anakwenda kuhesabiwa, maduka ya akina mangi yanafungwa, na foleni za Dar es Salaam zinapumua. Utani huo hausemi nani anawapikia wanaohesabiwa. Mwongozo huu ni kwa familia inayotaka kupanda bila kuwaelemea waliobaki.

Simu ya kwanza ipigwe mwishoni mwa Novemba, na ipigwe kwa mtu atakayepika. Kundi la WhatsApp la ukoo halitoshi. Humo kila mtu huandika "tuko pamoja" na hakuna anayesema anakuja na watu wangapi. Kwa mila za Uchaggani, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo katika miji mingi mzigo wa Desemba humwangukia mke wa kitindamimba. Yeye ndiye anayejua magodoro ni mangapi, choo kina hali gani, ng'ombe anakamuliwa au amekauka, na kama wale mashemeji wawili waliorushiana maneno mwaka juzi wote wanakuja. Mpe idadi kamili ya watu, umri wa watoto, na tarehe mbili: ya kufika na ya kuondoka. Hiyo ya pili ndiyo wageni wengi husahau kuitaja.

Kisha pesa itangulie mtu. Mbuzi wa tarehe 5 Desemba na mbuzi wa tarehe 23 ni mnyama yuleyule mwenye bei mbili. Mchele, mafuta ya kula, sukari, ngano na sabuni vinunuliwe kwa jumla Moshi mjini, maana kuvibeba kutoka Dar ni kulipia mizigo bure. Mawakala wa pesa za simu vijijini hukaukiwa pesa taslimu kila mtu anapotaka kutoa siku moja, kwa hiyo noti za sadaka, za bodaboda na za kikao cha ukoo zitolewe mapema.

Kuni ni jambo ambalo watu wa mjini hulisahau kabisa. Msitu ulio juu ya vijiji umo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na mtu akishikwa anakata mti huko ni kesi. Mji wa watu watano ukigeuka wa watu ishirini na watano, kuni zilizokusanywa kwa muda mrefu huisha kwa siku chache. Mtungi mkubwa wa gesi uliojazwa ni zawadi inayozidi kitenge, ingawa hakuna aliyekatazwa kuleta vyote viwili.

Tuje kwenye barabara. Dar es Salaam hadi Moshi ni takribani kilomita 560, kwa Chalinze, Segera, Mombo, Same, Mwanga na Himo. Mabasi huondokea Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, jambo lililopunguza ule msongamano wa alfajiri. Tiketi za kati ya tarehe 20 na 24 zinunuliwe wiki kadhaa kabla, tena tiketi ya mtandao yenye jina, namba ya kiti na nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo hupanga ukomo wa nauli, na abiria wakifurika hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Kijana anayekunong'oneza getini kwamba ana viti viwili vya nyuma kwa bei ya kuruka, mwache aendelee kunong'ona.

Wenye magari yao wana hatari nyingine. Kipande cha Mombo hadi Mwanga kimenyooka na kinashawishi mguu, halafu kila baada ya muda kuna kijiji, kibao cha kilomita 50 kwa saa na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo. Tochi ni nafuu ya yote. Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster viligongana na kuwaka moto, watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wakielekea harusini Moshi. Ondoka alfajiri ukiwa umelala, muwe madereva wawili, na usiku ukiwakuta Korogwe au Same mlale huko. Mbege haikimbii.

Ipo pia treni. Reli ilifika Moshi 1911, enzi za Wajerumani, na Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar ilirudi baada ya miaka takribani 25 ya ukimya. Mwendo wake ni wa taratibu, hulala njiani, na mvua zikikata njia safari husimamishwa, kwa hiyo uliza shirika la reli, TRC, siku za safari kabla ya kuwaahidi watoto. Lakini kwa familia yenye watoto wadogo na isiyo na haraka, kutembea ndani ya behewa kunashinda kubanwa kwenye kiti saa kumi. Kwa ndege, uwanja ni KIA, kilomita kama 40 kutoka Moshi kwenye barabara ya Arusha.

Jua unapandia wapi. Wa Kilema, Marangu, Mwika na Rombo washukie Himo. Kwenda hadi Moshi mjini na kurudi ni kupoteza saa nzima na nauli. Wa Machame wapandie njia panda ya Machame kwenye barabara ya Arusha, wa Masama wapitie Kwa Sadala, na huko Kwa Sadala wasimame wanunue ndizi sokoni kama vihamba vyao, yale mashamba ya nyumbani, havikuzaa vizuri. Kibosho, Uru na Old Moshi hupandiwa kutoka mjini.

Watoto wa Dar huamini kwamba Desemba ni joto. Moshi mjini ni kweli, lakini vihamba viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Desemba mvua za vuli bado zinaweza kuwapo. Usiku unakuwa baridi ya blanketi mbili. Sweta, soksi, viatu vya kushika tope na blanketi la kila mtoto viwe juu ya begi, si chini. Udongo mwekundu wa mlimani ukilowa, gari dogo la mjini linateleza likirudi lilikotoka; liache pale lami inapoishia, kwa mtu unayemfahamu, umalizie kwa bodaboda au kwa miguu. Na mlima wenyewe, wenye hamu ya kuupiga picha waamke mapema. Kufikia saa nne asubuhi mara nyingi Kibo imeshavaa mawingu, na hurudi kuonekana jua likikaribia kuzama, ikitaka.

Ukifika, salimia wakubwa kwanza kabla ya kushusha mizigo. Watoto wafundishwe angalau "aika", yaani asante, wakiwa bado kwenye basi. Bibi akiisikia kwa mjukuu aliyezaliwa Tabata, uchovu wa wiki nzima unamtoka. Wasitarajie Kichagga kimoja, kwani mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakitaka kuelewana sawasawa huhamia Kiswahili. Mke au mume kutoka kabila lingine aelezwe mapema nani anaitwa nani, maana uwanjani watakuwepo baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi wa kutosha kujaza Coaster, na majina yanajirudia: mtoto wa kwanza wa kiume kwa desturi huitwa kwa babu yake mzaa baba, na kila ndugu ana wa kwanza wake.

Kuna mmea mmoja wa kuuonyesha watoto, na dereva pia, kabla ya chochote. Ni sale, lile jani refu la kijani lililopandwa kwa mstari pembeni mwa kihamba. Masale ni mpaka. Ndiyo pia yanayopelekwa kuomba msamaha kwa mtu aliyekosewa sana, na aliyeletewa sale si rahisi kukataa. Mgeni anayerudisha gari nyuma na kuyalaza masale ya jirani ameanzisha mazungumzo ambayo ukoo utayamaliza Pasaka.

Chakula kitakuwepo kingi, ila kipangeni. Ndizi mshare na nyama kwa machalari, mtori asubuhi kwa waliolala vibaya, kiburu cha ndizi na maharage kwa siku ambayo nyama imewachosha. Siku ya kuchinja, wanaume wa mjini wasikae kwenye viti vya plastiki wakisubiri sahani. Mbuzi akichinjwa hukatwa kwa utaratibu: kidari, mguu, mbavu na utumbo kila kimoja kina mwenyewe, na mgawo huo hutofautiana kati ya upande mmoja wa mlima na mwingine. Shika kisu pale tu mzee anapokuelekeza, uulize kipande hiki ni cha nani na kwa nini. Damu itakingwa kwa ajili ya supu ya kisusio. Kama kuna wakwe au majirani Waislamu, mwombeni Mwislamu achinje ili wote wale nyama, na supu yao ipikwe sufuria nyingine. Mbege ikiletwa, mwenyeji hunywa kwanza ndipo kata izunguke. Mgeni asiyekunywa pombe apokee kwa mikono miwili na kuipitisha kwa wa pili, bila hotuba.

Na wanawake wa mjini? Hapa hakuna sababu ya kuzunguka. Nyumba nyingi humpokea wifi kutoka Dar kama mgeni siku ya kwanza na kama msaidizi wa jikoni siku zote zinazofuata, huku kaka zake wakizunguka baa kuanzia Himo hadi Mwika. Kabla ya safari mkubaliane: msichana wa kusaidia alipwe na nani, vyombo vya asubuhi ni zamu ya vijana gani, maji yatavutwa na nani bomba likikatika. Vijana wa kiume wa miaka kumi na mitano wana nguvu za kutosha kukata majani ya ng'ombe na kumpelekea migomba iliyokatwakatwa bandani. Ng'ombe wa kihamba hafungwi malishoni. Chakula chote humfuata ndani, asubuhi na jioni, sikukuu au si sikukuu.

Kazi hiyo ya bandani ndiyo pia somo bora la kihamba. Mtoto atembee na babu yake polepole aone ghorofa za shamba: miti mirefu ya kivuli juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na magimbi, viazi vikuu na mboga chini kabisa. Samadi ya ng'ombe inarudi kwenye mgomba, mgomba unarudi kwa ng'ombe. Maji yaliletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa kutoka kwenye mito ya mlimani kizazi baada ya kizazi, yenye zamu na wasimamizi wake. Utaratibu huu ndio uliofanya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011, iorodheshe vihamba vya Shimbwe Juu, huko Uru, miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Kuhusu kahawa, babu anaweza kueleza mwenyewe: wakulima wa hapa waliunda chama chao mwaka 1925, kikazaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na ada za shule za watu wengi waliopo uwanjani zililipwa na gunia. Leo miti mingi ya kahawa imeng'olewa kupisha ndizi na nyumba. Baadhi ya nyumba hizo zina vyumba sita, vigae vyekundu na kufuli mlangoni miezi kumi na moja. Anayefikiria kujenga mlimani aanze na swali la nani ataifagia.

Tenga siku moja au mbili za kutoka, hasa ili wenyeji wapumue. Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori na Kilasia. Uru kuna Materuni, njia yake ina utelezi lakini watoto wa miaka minane wanaiweza. Old Moshi, Tsudi, ipo kumbukumbu ya Mangi Meli, chifu wa huko, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900 pamoja na wenzake. Wazao wake wamekuwa wakidai kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na familia zilizo hai hapa mlimani. Vijana wanaosema historia inachosha wapelekwe pale kwanza. Wanaotaka kuonja mlima bila kupanda kilele waingie lango la Marangu asubuhi, watembee kilomita kama nane hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyohiyo. Wabebe kitambulisho cha taifa ili wapate kiingilio cha Mtanzania, na wajiandae kulipa bila noti mkononi. Ziwa Chala kule Rombo ni zuri la kutazama. Kuogelea, hapana.

Kuanzia tarehe 26 vikao vya ukoo huanza, na hapa ndipo Desemba inapotengenezwa au kubomolewa. Misa ya kumbukumbu, kujengea kaburi, kipaimara cha mjukuu, vyote vina foleni parokiani na usharikani, kwa sababu kila ukoo umekuja wiki hiyohiyo. Mchungaji au paroko aambiwe Novemba. Makaburi yenyewe yako ndani ya kihamba, hatua chache kutoka jikoni, na watoto wanaoyarukia wakicheza waitwe taratibu na kuambiwa aliyelala pale ni nani.

Michango ya ukoo itunzwe na mtu anayeishi mlimani. Mweka hazina wa Dar huwa na nia njema na sababu nyingi. Maamuzi yaandikwe, yasomwe, yasainiwe siku hiyo, kabla mbege haijazunguka.

Suala la ardhi ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa kihamba hakiongezeki na wajukuu wanaongezeka. Lisitupwe mezani mkesha wa Krismasi na mtu aliyefika jana. Lipangiwe kikao chake, wazazi wakiwa hai na wenye akili timamu, na mabinti waitwe ndani, wasiachwe jikoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Wazee wengine hawapendi kuisikia. Wasomewe kwa heshima, kisha waulizwe nani amekuwa akiwanunulia dawa.

Dawa hizo nazo zikaguliwe siku ya kwanza. Wiki ya nyama, chumvi na wageni ni mbaya kwa mwenye presha au sukari. Kipimo cha presha cha mkononi kikae sebuleni, kadi za bima ziwe mahali panapojulikana, na namba ya mwenye gari linaloweza kushuka usiku wa mvua ibandikwe ukutani. Hospitali za Kibosho, Machame, Kilema, Marangu na Huruma ya Rombo ziko karibu na vijiji. Mambo makubwa yanakwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Na dereva aliyekunywa asiguse usukani kwenye kona za mlimani, hata kama ni "hapo chini tu".

Tiketi ya kurudi inunuliwe siku moja na ile ya kwenda, kwa sababu Januari shule zikikaribia kufunguliwa ndipo watu huanza kuuziana viti vya chini. Ndizi za kupeleka mjini zikatwe asubuhi ya safari, zikiwa mbichi kabisa, zifungwe kwa majani ya mgomba ndani ya gunia. Mfuko wa plastiki utaziivisha kabla ya Chalinze. Ulizeni kwanza mkungu upi unaweza kutoka, kwani ulionona kuliko wote huenda umewekwa kwa ajili ya mbege ya harusi ya jirani. Siku ya mwisho iwe ya kufua: mashuka na mablanketi yaanikwe mapema, kabla mawingu hayajashuka, na gharama ya choo kilichojaa igawanywe kwa waliokijaza. Aliyesaidia jikoni alipwe mkononi, mbele ya mwenye nyumba, si kwa ahadi ya kutumiwa kwenye simu. Magodoro yaliyoazimwa kwa majirani yarudishwe siku hiyohiyo kabla gari halijawashwa, na aliyeyalalia ndiye ayabebe.